Mwaka Niliouliza kwa Simu

Daftari langu la mwaka wa korona ndilo safi kuliko yote niliyowahi kuandika. Halina tope wala doa la mvua, na pembe za kurasa zake hazikujikunja kama za madaftari niliyoyabeba kwa baiskeli. Mwaka mzima lilikaa mezani kwangu, Malangali, kando ya simu. Kila mgonjwa ana mstari wake, kila mwezi una visanduku vitano, na karibu kila kisanduku kina alama ya vema. Nimelihifadhi. Sijaweza kulichoma, na sijaweza kumwonyesha mtu bila kumweleza. Haya ndiyo maelezo.

Shule niliishia darasa la saba. Kazi iliyonilisha ni useremala: milango, madirisha, majeneza. Mengine nimejisomea. Nilipokaribia miaka arobaini, muuguzi wa afya ya akili wa kituo chetu, mwanamke aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alitafuta watu wa kujitolea kufuatilia wagonjwa vijijini. Nilikwenda kwa sababu ya mjomba wangu, aliyekufa bila mtu yeyote kuupa ugonjwa wake jina. Sista, ndivyo tulivyomwita, aliniazima vitabu vyake vya chuo, nikavisoma na kamusi pembeni. Baada ya mwaka mmoja nilizijua dawa zote za kabati letu, zinatibu nini na zinaudhi vipi. Vijijini waliniita dokta. Niliwakataza mara mbili tatu, kisha nikaacha.

Utaratibu wetu kabla ya korona ulikuwa huu. Mara moja kwa mwezi wagonjwa walikuja kituoni, wakakaa kwenye mabenchi nyuma ya jengo pamoja na ndugu zao, wakapimwa, wakapewa vidonge vya mwezi mmoja. Katika wiki zilizofuata mimi nilizunguka kwa baiskeli kwa wale waliokuwa na hali ngumu. Nilihesabu vidonge vilivyobaki na kuuliza maswali matano: anakula, analala, anameza dawa, anajihudumia mwenyewe, anasikia au kuona mambo wasiyoyaona wengine? Nilijaza visanduku, nikanywa togwa niliyopewa, nikaaga.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, ingawa hakuna kitabu kilichoniambia hivyo. Kwetu mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu. Mwenyeji huchukua mkoba wa mgeni, akauvaa begani mwake, akatembea naye. Ndani ya nyumba mgonjwa yupo, anasikiliza; nani atasema mbele yake kwamba juzi alimtupia mama yake sufuria? Tena si adabu kumpokea mgeni kwa habari mbaya. Kwa hiyo ndani majibu yote ni hajambo, anakula, analala, tunashukuru. Njiani, nyumba ikishabaki nyuma, mwenyeji hupunguza mwendo. Kiswahili kilichokuwa cha daftari kinaachwa, Kifipa cha kwetu kinaanza, na ukweli unatoka. Mkoba hukabidhiwi mpaka yaishe. Nilijifunza kutouomba. Nikishakabidhiwa, niliegemeza baiskeli kwenye mti, nikafungua daftari na kufuta nusu ya nilichoandika ndani. Ndiyo maana madaftari yangu ya zamani ni machafu.

Familia ninayotaka kuieleza iko katika kijiji kimoja upande wa Kaengesa, saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka kwangu. Mama mjane, mwanawe wa kwanza mwenye mke na watoto, na mwanawe wa pili, ambaye ndiye mgonjwa wetu. Huyu wa pili alikuwa mlimaji wa kukodishwa. Ukimpa maksai wawili na plau, anatoa mistari iliyonyooka kiasi kwamba wenye mashamba walikuja kumwomba kutoka vijiji vya mbali. Aliugua alipokuwa na miaka ishirini na kitu. Aliwasikia watu wakimjadili usiku na mchana, akaanza kuwafuata ili awanyamazishe. Ndugu zake walimfunga kwenye nguzo ya zizi kwa mnyororo wa plau. Alikaa hapo msimu mzima.

Siku tulipomfungua nilikuwepo. Sista alimdunga sindano, tukasubiri, tukarudi kesho yake na keshokutwa. Mnyororo ulipotolewa, mama yake alimwambia sista, "Hatafungwa tena. Lakini ninyi mje. Msiponiacha peke yangu, hatafungwa."

Sista akamjibu, "Tutakuja kila mwezi, mama." Kisha akanionyesha mimi kwa kidole. "Huyu hapa atakuja."

Hayo yalikuwa makubaliano. Hayakuandikwa, lakini yalieleweka: wao hawafungi, sisi tunakwenda. Kwa miaka sita pande zote mbili zilitimiza. Alimeza dawa, akarudi shambani, akalima. Nikifika alinisalimia kwa mzaha. "Shikamoo kaka. Leo umekuja kunihesabu au kuhesabu vidonge?"

"Marahaba. Vidonge. Wewe mmoja, nimeshamaliza."

Mama yake ndiye aliyenisindikiza siku zote, hadi kwenye mikaratusi kando ya barabara. Katika miaka ile sita aliniambia mara tatu mambo ambayo yangeweza kumrudisha mwanawe kwenye nguzo. Mara moja dawa zilikuwa zinamkosesha nguvu za kiume naye kwa aibu akataka kuziacha. Mara moja alikuwa amepewa pombe msibani. Mara moja alikuwa ameacha kulala kwa siku tatu. Kila mara nilimweleza sista, na kila mara tuliwahi.

Korona ilipofika, sista alituita wahudumu watatu, akatuweka mbali mbali kwenye baraza la kituo, kila mmoja na barakoa ya kitambaa, ndoo ya maji tiririka ikiwa katikati. Alisema mabenchi hayatajazwa tena. Vidonge vitatolewa vya miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, na ndugu anaweza kuja kuvichukua. Tutengeneze orodha ya namba za simu, tupige kila mwezi, tuulize maswali yale yale matano. "Lakini wale wenye historia ya kufungwa," alisema, "hao tuwatembelee. Usiingie ndani. Simama uani, hatua tatu kutoka kwao, ongea, ondoka. Nani ana shida na hilo?"

Nilikohoa kidogo kabla ya kusema. Sikupanga kukohoa, lakini nakumbuka kwamba nilikohoa.

"Sista, kifua changu hiki."

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa hadi mwisho, nikapona, na picha ya mwisho ya mapafu ilikuwa safi. Sista hakunijua wakati huo. Aliniangalia kwa huruma. "Basi kaka, wewe baki na simu. Hatutaki kukupoteza."

Niliogopa. Redioni nilisikia habari za watu wanaokufa kwa kukosa pumzi, na mimi nilikuwa nimewahi kukosa pumzi, nilijua ilivyo. Hofu yenyewe sijilaumu nayo sana. Ninajilaumu kwamba sikuiita kwa jina lake. Niliipa jina la ugonjwa uliokwisha, na kwa jina hilo ikaheshimiwa.

Nilitengeneza mfumo mzuri. Nilichora daftari upya, nikaweka safu ya namba ya simu na safu ya mwenye simu. Kwa familia ile niliandika: simu ya kaka mkubwa. Niliandika kwa mwandiko wangu mwenyewe na sikujiuliza inamaanisha nini. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili asubuhi, nilianza kupiga.

Simu ya kwanza ilipokelewa haraka.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri tu. Tunanawa, tunajifukiza. Mama ametufukiza mpaka mbuzi wanakohoa."

Nilicheka. "Na ndugu yetu, anakula?"

"Anakula kuliko mimi ninayemlisha."

"Analala?"

"Saa mbili tu kashalala, kama kuku."

"Dawa anameza?"

"Anameza."

Visanduku vyangu vilijaa kwa dakika mbili. Kwa baiskeli ningetumia siku nzima. Nikaomba nimsalimie mama. Nilisikia simu ikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka kwenye spika. Walikuwa wameiweka ili wote wasikie.

"Hatujambo mwanangu," mama alisema, kwa Kiswahili. "Tunashukuru." Akanyamaza.

"Mama?"

"Nipo. Utakuja lini?"

"Kifua changu mama, unajua niliwahi kuugua. Wamenikataza kutembea."

"Pole mwanangu. Pole sana. Basi usije, upone kwanza."

Nyuma yake kaka mkubwa akasema, "Mama, chaji inaisha."

Kila mwezi mama aliuliza swali lile lile, utakuja lini. Daftari langu halikuwa na kisanduku cha maswali wanayouliza wao.

Nataka kusema haki kuhusu simu, kwa sababu haikuwa mbaya kwa wote. Kulikuwa na mwanamke mmoja mfanyabiashara wa vitenge pale mjini, naye alikuwa kwenye orodha yangu. Kwake simu ilikuwa ukombozi. Miaka yote alikuja kituoni amejifunika khanga hadi puani ili wateja wasimwone kwenye benchi letu. "Dokta, korona imenisitiri," aliniambia. "Wote sasa wamefunika pua." Alizungumza nami peke yake, kwa simu yake, mlango wa duka ukiwa umefungwa, na mwaka ule alinieleza mambo ambayo hakuwahi kuyasema kituoni. Kwa hiyo simu ilikuwa chombo kizuri mkononi mwa mtu mwenye simu. Hilo ningeweza kuliona tangu mwezi wa pili wa kupiga simu. Safu ya mwenye simu ilikuwa mbele yangu.

Mwezi wa sita shule zilifunguliwa. Makanisa hayakuwa yamefungwa. Soko lilijaa, ndoo za maji zilianza kukauka milangoni, na barakoa zikabaki mifukoni. Wahudumu wenzangu wawili walirudi vijijini. Mimi niliendelea na simu. Mwezi wa nane nilikwenda Msanzi kwenye harusi ya mpwa wangu. Nilikaa siku mbili, nikala sahani moja na watu nisiowajua, nikacheza. Wiki iliyofuata mama aliniuliza utakuja lini, nami nikajibu kifua, mama, bado.

Sista naye aliuliza, mwezi wa kumi, akiwa anatia sahihi daftari langu. "Bado kifua, kaka?"

"Bado kidogo."

"Daftari lako lakini linapendeza. Nitawaonyesha wenzako."

Sikuwa naogopa tena wakati huo, au niliogopa kidogo tu. Nilichokuwa nacho ni starehe. Nilikuwa nimegundua kwamba kazi inaweza kufanywa bila mlima, bila upepo wa asubuhi unaokata masikio, bila kubadilisha tairi njiani. Na nilikuwa nimeanza kuyaamini majibu yangu. Mtu anayejisomea mwenyewe hupenda sana kitu kilichopangwa vizuri; hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo mpangilio ndio mwalimu wake. Mistari yangu ilikuwa imekamilika. Sikuona ni kwa vipi kitu kilichokamilika kinaweza kuwa hakina ukweli ndani yake.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza, na watu wakaingia shambani. Mwanzoni mwa mwezi uliofuata kaka mkubwa alikuja kituoni kuchukua vidonge vya miezi mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye dirisha la dawa. Alikuwa na matope hadi magotini, na haraka ya mtu aliyeacha maksai shambani.

"Msitupatie vyote dokta," alisema. "Bado tunavyo vingi tu. Wapeni na wengine."

"Vimebakije?"

"Si tunatunza."

Nilimsifu. Nilimwambia laiti ndugu wote wangekuwa kama yeye. Kisha nikaandika kwenye safu ya maelezo maneno mawili: wana akiba.

Mwezi wa kwanza sista alikaa na madaftari yetu yote ili aandike taarifa ya mwaka. Nilikuwa nikirekebisha bawaba ya dirisha la chumba chake. Nilimsikia akisoma polepole, kisha akaacha.

"Kaka, hii akiba ni nini?"

Nikamweleza. Hakunikemea. Alikaa akiangalia mstari ule na kalamu mkononi.

"Vidonge si mahindi, kaka. Kama anameza kila siku, vinaisha. Vimebaki kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimeshajua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nimewahesabia watu vidonge kwa miaka. Hakuna kitu ninachokijua vizuri zaidi kuliko maana ya kidonge kilichobaki. Kesho yake asubuhi nilipanda baiskeli.

Niliona mahindi ya familia ile kabla ya kuona nyumba. Mistari ya sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imenyooka kama kawaida ya yule mlimaji. Kuanzia katikati ilipinda, ikaingiliana, kisha ikaisha, na sehemu ya chini yote ilikuwa majani matupu. Nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota.

Mama alikuwa uani akipepeta maharage. Alinyanyuka, akaniangalia kifuani, kisha usoni. "Umepona," alisema. Niliegemeza baiskeli ukutani. Akaniongoza hadi zizini.

Mwanawe alikuwa ameketi kwenye majani makavu, mgongo kwenye nguzo, mnyororo wa plau kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Chini ya mnyororo mama yake alikuwa amezungushia kipande cha khanga ili chuma kisimkate, na khanga ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yanafuata kitu fulani juu ya bega langu. Lakini alinitambua.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," nilisema, kwa sababu ndivyo tunavyojibu, na sijawahi kuona aibu kutamka neno lolote kama nilivyoona siku ile.

"Umenenepa," akasema.

Kaka yake alikuja akikimbia kutoka kwa jirani. Alianza kusema kabla hajafika. Alinieleza yote, kwa hasira, akiwa amesimama kati yangu na mlango wa zizi kama mtu anayetaka nisiondoke hadi nimesikia. Mvua zilipoanza mikono ya mdogo wake ilikuwa inatetemeka kwa dawa. Plau ilimponyoka mara tatu kwa siku. Wenye mashamba wakaanza kumkataa. Kwa hiyo yeye, kaka mkubwa, alimwambia aache vidonge mpaka walime wamalize, wiki tatu tu. Mikono ikatulia. Kwa majuma mawili alilima kama zamani, akaimba, nyumba nzima ikafurahi. Kisha usingizi ukamtoka. Kisha wale watu wanaomjadili wakarudi. Karibu na Noeli alichukua shoka akamkata ng'ombe wa jirani, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, kwa kuwa ng'ombe yule alikuwa anamtaja jina. Wafugaji walikuja na fimbo.

"Walikuja kumuua," kaka mkubwa alisema. "Nimfanyeje? Nimwachie? Nilimfunga ili wamwone amefungwa, waondoke. Waliondoka. Na ndama wetu waliondoka naye."

"Mbona kwenye simu sikuambiwa?"

"Uliuliza anakula. Nikasema anakula. Si anakula? Muulize."

"Niliuliza dawa."

"Uliuliza mbele ya watu wote, spika imefunguliwa, na yeye mwenyewe amekaa hapo. Ulitaka niseme nini? Nami ndiye niliyemwambia aziache." Akamwonyesha mama kwa kidevu. "Ungekuja, mama angekwambia. Sisi hapa kazi yetu ni kulima. Ya kwako ilikuwa kuja."

Mama alikuwa ameegemea ukuta wa zizi. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nakuuliza utakuja lini," alisema. "Sikuwa na namna nyingine ya kuuliza."

Nilimpigia sista. Alifika mchana kwa pikipiki na sindano, na jioni ile mnyororo ulitolewa. Nilishika mguu wakati anaosha kidonda. Mshipa wa kisigino ulikuwa umeharibika. Sista aliona, nami niliona. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kopo la vidonge vidogo vyeupe, vya kuzuia mikono kutetemeka. Vidonge hivyo vilikuwa kabatini mwaka mzima. Nilivijua kwa jina. Nilivisoma katika kitabu chake cha kwanza alichoniazima.

Baada ya hapo sista alibadilisha utaratibu. Simu ilibaki, kwa sababu ina faida zake, lakini ni ya katikati ya ziara na si badala ya ziara. Tunapiga kwa mgonjwa mwenyewe inapowezekana. Tunauliza simu ni ya nani na nani yuko karibu. Na safu mpya iliongezwa kwenye madaftari ya wote: waliyosema njiani. Nilimwomba sista achukue kitambulisho changu cha kujitolea. Alikataa. "Ukiacha, nani atakwenda kule? Hiyo adhabu haitakuwa yako, itakuwa yao."

Kwa hiyo niliendelea. Nilikwenda kila wiki badala ya kila mwezi. Mlimaji wetu alipona kichwani polepole, kufikia mwisho wa mvua alikuwa yeye tena, mzaha na yote. Mguu haukupona. Anachechemea, na hawezi kuifuata plau kwenye udongo mzito. Siku hizi anapukuchua na kupanga mbegu, na kaka yake analima mistari iliyopinda.

Msimu wa kuvuna maharage nilimkuta mgonjwa wetu peke yake uani, akipiga maganda kwa fimbo. Nilikuwa nimelibeba jambo lile kwa miezi mitano. Nilikaa chini nikamwambia kwamba kifua changu kilikuwa kimepona miaka mingi, kwamba niliogopa, na baadaye nikazoea.

Aliendelea kupiga maharage. "Kwa hiyo hukuwa unaumwa."

"Sikuwa."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo."

Akaweka fimbo chini. Akageuza maganda kwa mkono, akatafuta maharage yaliyojificha. "Mama alitaka kuja kwako Malangali kwa miguu," alisema. "Mwezi ule nilipoacha kulala. Alishavaa na viatu. Tukamzuia. Tulimwambia dokta kifua chake kibovu, ukimpelekea ugonjwa utamuua. Akarudi ndani. Ukawa unaombewa jumuiyani, kila Alhamisi. Mimi mwenyewe nilikuombea, kabla sijachanganyikiwa."

Nilisema nitamwambia mama siku hiyo hiyo, akirudi.

"Usimwambie."

"Ni haki yake ajue."

"Haki yake sawa." Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile hapakuwa na mzaha. "Akijua ulimdanganya, hatakuamini. Asipokuamini hatakwambia kitu. Asipokwambia, anayerudi pale si wewe." Hakuonyesha zizi kwa kidole. Alichukua fimbo, akaanza kupiga tena.

Nilifikiri jambo hilo kwa utaratibu, kama ninavyofikiri kila jambo, na sikuona alipokosea. Ndiyo sababu nimeacha majina yote ya watu katika maandishi haya, na ndiyo sababu sista tu ndiye aliyeyasoma kabla yako.

Mama alirudi kutoka kisimani. Aliweka ndoo, akanifuta vumbi begani kama ninavyofutwa kila ninapofika.

"Kifua kinaendeleaje, mwanangu?"

Mwanawe hakuinua kichwa.

"Kimepona, mama," nilisema. "Nashukuru kwa maombi."

"Mungu ni mwema," akasema, akaingia ndani kunitafutia togwa.

Huuliza hivyo hadi leo, kila nikienda, nami hujibu hivyo hivyo.